Kitako Kwanza, Rangi Mwisho: Kuiandaa Bunduki ya Kuwindia kwa Theluji na Mvua

Mwaka wangu wa pili wa kuwinda elki huku Idaho, theluji ya majimaji ilitunyeshea siku nne mfululizo milimani. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, dume lake ni zito kuliko kuro, na hukaa juu huko ambako gari halifiki. Siku ya tatu nilimpata dume amesimama kwa ubavu, mbali kiasi cha viwanja viwili vya mpira. Risasi ilipita kushoto, naye akaondoka mzima. Nyumbani Boise nilipofungua mfuko wa bunduki nikakuta mtutu una madoa ya rangi ya tope, na ubao wa kitako, yaani mwili wote wa ubao unaobeba chuma cha bunduki kuanzia begani hadi chini ya mtutu, umevimba hadi unausukuma mtutu upande mmoja. Hapo nikaelewa kwa nini risasi ilikwenda kushoto.

Baba yangu alikuwa seremala Tanga. Neno alilolirudia kila siku ni kwamba ubao unacheza: mlango uliofungwa vizuri kiangazi, masika unagoma kufunguka. Nililijua neno hilo tangu utotoni, lakini sikuwahi kulihusisha na bunduki. Sasa wenzetu wengi wanaozungumza Kiswahili huku Idaho na Montana, Wakongomani, Watanzania na Warundi, wameanza kuwinda ili wapate nyama ya familia, na wengi wananunua bunduki zilizotumika. Nawaandikia hao. Nitaeleza jinsi ya kupata kitako kinachokufaa na mpako wa kuzuia kutu, kwa mpangilio ambao mimi niliujua baada ya kulipa mara mbili.

Mpangilio wenyewe ni huu: pima mwili wako, chagua kitako, chuma kilazwe humo vizuri, kazi zote za mashine ziishe, na rangi ije mwisho. Watu wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Kabla ya yote: bunduki yenyewe na sheria

Hakikisha haina risasi. Fungua bolti, ile komeo ya chuma unayoivuta kwa mkono, tazama kwa macho chemba, tundu ambamo risasi hukaa, kisha ingiza kidole uhakikishe. Fanya hivyo kila unapoishika wakati wa kazi hii, hata kama umeiweka chini dakika mbili zilizopita.

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, silaha ni ule mwili wa chuma unaobeba bolti na wenye namba ya usajili. Kitako hakihesabiwi kuwa silaha, kwa hiyo unaweza kukiagiza kikaletwa mlangoni kama kiti au meza. Fundi anayefanya kazi ya silaha kama biashara lazima awe na leseni ya shirikisho. Bunduki ikilala kwake ataiandika kwenye daftari lake. Usishangae wala usiogope, ndivyo sheria inavyomtaka. Ukimtumia kutoka mji mwingine, anaruhusiwa kukurudishia wewe mwenyewe moja kwa moja kazi ikiisha. Lakini kampuni za usafirishaji zina masharti yao kuhusu nani anaweza kupeleka bunduki, kwa hiyo mwulize fundi kwanza. Mara nyingi atakuelekeza upitie duka la silaha lenye leseni. Majimbo nayo yana sheria zao.

Wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kumiliki bunduki. Walioingia kwa viza ya muda wanazuiwa isipokuwa kwa masharti maalumu, na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Ukiwa katika kundi hilo, muulize mwanasheria kabla ya kununua chochote. Msomaji aliye Tanzania yuko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo aanzie kwa polisi waliosajili bunduki yake kabla haijaguswa na fundi.

Jambo moja halina mjadala popote: namba ya usajili isiguswe. Kuifuta au kuikwangua ni kosa la jinai. Fundi mzuri huilinda wakati wa kupiga mchanga, yaani kurushia chuma mchanga kwa nguvu ya hewa kabla ya rangi, na ukiletewa bunduki ambayo namba yake haisomeki, usiipokee.

Na kama bunduki yako ni ya zamani yenye thamani, iache ilivyo. Winchester Model 70 zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1964, kwa mfano, hutafutwa sana na wakusanyaji. Ukiipaka rangi mpya na kuchonga kitako chake, unaweza kupoteza sehemu kubwa ya bei yake kwa siku moja.

Hatua ya kwanza: jipime ukiwa na koti la baridi

Urefu wa kitako hupimwa kutoka kwenye kifyatuo, pale kidole kinapokaa, hadi katikati ya mwisho wa kitako kinapogusa bega. Bunduki nyingi za kiwandani huja na inchi 13.5 hadi 13.75, yaani sentimita 34 hadi 35. Kipimo hicho kimewekwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani wa huku. Mke wangu anatumia sentimita 32, na tangu tulipompunguzia kitako hajalalamika tena kuhusu bega.

Watu watakuonyesha njia ya kuweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kama kidole kinafika kwenye kifyatuo. Ni makadirio tu. Vaa koti unalovaa ukiwinda, pamoja na sweta ya ndani, kisha ipandishe bunduki begani kama unavyolenga kweli. Kati ya pua yako na kidole gumba kilichoshika kitako pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pua ikikaribia gumba, kitako ni kifupi, na teke, ule msukumo wa nyuma bunduki inapofyatuka, litakupiga usoni. Kitako kikinasa kwapani wakati wa kupandisha, ni kirefu. Koti zito peke yake linaweza kula zaidi ya sentimita moja, kwa hiyo kipimo cha sebuleni ukiwa na fulana kitakudanganya mwezi wa Novemba.

Kimo cha sehemu ya shavu kina uzito kuliko urefu, na ndicho kinachosahaulika. Funga macho, pandisha bunduki, laza shavu pale linapotaka lenyewe kulala, kisha fumbua macho. Unapaswa kuona picha kamili ndani ya darubini, duara zima bila kivuli. Ukiona kivuli cha mwezi mwandamo upande wa chini au juu, shavu lako halilali panapotakiwa. Vitako vya zamani vilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma vilivyo chini, karibu na mtutu, kwa hiyo ukiweka darubini juu yake shavu linaning'inia hewani. Chukua vipande vya sponji au boksi, vifunge kwa selotepu juu ya kitako, ongeza au punguza hadi jicho likae sawa kila mara bila kutafuta. Pima unene wa ulichoongeza na uuandike. Namba hiyo ndiyo utakayompa fundi.

Angalia pia umbali wa jicho na kioo cha nyuma cha darubini. Darubini nyingi za bunduki zinataka kama sentimita 9. Ukifupisha kitako, jicho linasogea mbele, na darubini nayo lazima isogezwe. Kwenye bunduki yenye teke kubwa, anayelisahau hili huchanwa juu ya nyusi.

Hatua ya pili: ubao au kitu kingine

Mbao za kitako zinazosifika ni za mti wa mwalnati (walnut). Kuna mwalnati mweusi wa Marekani, mzito na wa rangi ya kahawia iliyokolea, na kuna mwalnati wa Ulaya na Asia wenye mishipa mizuri inayoshika mchoro. Mimi naupenda ubao. Nikishika kitako cha mwalnati mkono wangu unajua kilitoka kwenye kitu kilichokuwa hai, na hilo ni jambo kwangu kwa sababu nililelewa katikati ya vumbi la mninga na mkongo. Lakini ubao hunywa maji. Unavimba kwa kukatiza mishipa, na kama umekaza mtutu pembeni, utausukuma. Ukiutaka ubao, chagua ambao mishipa yake inapita moja kwa moja kwenye shingo ya kitako, pale mkono unaposhika. Mishipa ikikatiza hapo, kitako kitapasuka siku ukianguka nacho kwenye mawe.

Mbao za tabaka zilizobanwa kwa gundi hucheza kidogo sana kwa sababu kila tabaka linalizuia jingine. Ni nzito, lakini imara na bei yake inabebeka. Boyds wa Mitchell, South Dakota, wanavitengeneza kwa wingi na unaweza kuchagua urefu unaoutaka unapoagiza.

Vitako vya nyuzi za kioo au kaboni, kama vya McMillan wa Arizona, havinywi maji kabisa. H-S Precision wa Rapid City huweka ndani yake kipande cha alumini ambacho chuma cha bunduki kinakikalia. Kwa anayewinda kwenye theluji kila mwaka, hivi ndivyo ninavyovishauri, ingawa bei yake ni ya juu. Ujue tu kwamba bunduki nyepesi inapiga teke zaidi. Kitako cha plastiki laini kinachokuja na bunduki za bei nafuu kinazuia maji vizuri, ila sehemu yake ya mbele inapinda ukiiegemeza kwenye mfuko au tawi, na ikigusa mtutu risasi inahama.

Unapoagiza, fundi atakuuliza mambo ambayo ni lazima uyajue. Bunduki yangu ni Remington 700, aina inayotengenezwa tangu mwaka 1962 na ambayo karibu kila mtengeneza vitako ana umbo lake. Inatumia risasi ya .30-06, ile iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na risasi hiyo inahitaji mwili mrefu, risasi ya .308 inakaa kwenye mwili mfupi, na vitako vyake haviingiliani. Toa pia unene wa mtutu, aina ya magazini, kama ina mlango chini au imezibwa, na mkono unaotumia. Ukikosea hapo, kitako kitarudi kilikotoka kwa gharama yako.

Hatua ya tatu: kulaza chuma ndani ya kitako

Kitako kizuri kisichokamatana na chuma ni hasara. Chini ya mwili wa bunduki, mbele, kuna jino la chuma linalopokea teke lote. Jino hilo lisipokaa palepale kila unapopiga, risasi hazitakwenda mahali pamoja. Dawa yake ni kuweka gundi ngumu ya epoksi kati ya chuma na kitako. Chuma hupakwa kwanza nta maalumu ili kisishikamane, kisha hulazwa kwenye gundi mbichi, na gundi ikikauka inabaki na umbo lake kamili. Kwenye ubao huongezwa nguzo mbili fupi za alumini ambamo skrubu hupita, ili ukizikaza usiuminye ubao.

Kazi hii inaweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye subira. Mimi bado nilimpa fundi. Nimeona chuma kilichogandia ndani ya kitako kwa sababu nta ilisahaulika kwenye tundu moja tu la skrubu, na kukitoa ilibidi kitako kikatwe.

Mtutu wenyewe uelee, usiguse kitako kuanzia mbele ya mwili hadi mwisho. Pitisha karatasi ngumu au noti ya dola kati ya mtutu na kitako. Iteleze bila kukwama. Ipitishe tena huku mtu mwingine akiusukuma ubavu wa kitako kwa mkono. Kwenye bunduki yangu ya kwanza noti iligoma karibu na ncha, palepale ubao ulipokuwa umevimba.

Skrubu zikazwe kwa spana inayoonyesha nguvu. Kwa vitako vyenye nguzo au kipande cha alumini, wengi hutumia inchi-pauni 65 kwenye Remington 700; ubao usio na nguzo unataka pungufu ya hapo. Fuata namba ya mtengenezaji wa kitako, na uiandike kwa kalamu ya wino wa kudumu ndani ya kitako ili yeyote atakayeifungua baadaye aione.

Ukiwa umechagua ubao, huu ndio wakati wa kuuziba. Piga msasa hadi namba 320 au 400, lowesha kidogo vinyweleo visimame, subiri pakauke, piga tena. Kisha mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa, yale maseremala wanayaita linsidi, au mafuta ya mbegu za mti uitwao tung, kwa tabaka jembamba linalosuguliwa kwa kiganja na kuachwa likauke kabisa kabla ya jingine. Tabaka sita au nane si nyingi. Sehemu zisizoonekana ndizo zinazoingiza maji: ndani ya mfereji wa mtutu, kwenye matundu ya skrubu, na zaidi ya yote mwisho wa kitako chini ya mpira wa bega, ambako mishipa iko wazi kama mirija. Hapo paka hadi ubao ukatae kunywa. Mafundi wengi hupaka nje kukameremeta na kuacha hapo pakavu.

Vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Hatua ya nne: mpako wa chuma

Rangi nyeusi yenye buluu ya bunduki za kawaida ni aina ya kutu iliyodhibitiwa, tabaka jembamba la oksidi linalokamata oili. Oili ikioshwa na mvua, ulinzi unaondoka nayo. Hata chuma kisichoshika kutu kwa urahisi hatimaye hushika, hasa kikikaa na unyevu ndani ya mfuko.

Mpako unaotumika sana sasa ni wa kauri uitwao Cerakote, unaotengenezwa na kampuni ya NIC Industries ya Oregon. Unapulizwa kama rangi ya gari, lakini ubora wake wote uko kwenye maandalizi. Bunduki inafunguliwa kabisa. Vipande vinaoshwa mafuta kwa asetoni, kisha vinapigwa mchanga wa oksidi ya alumini namba 100 ili uso uwe na meno ya kushika rangi. Vinaingizwa kwenye oveni kwenye nyuzi 149 za Selsiasi kwa saa nzima, ili mafuta yaliyojificha kwenye nyufa yatoke. Yakitoka, vinaoshwa na kurudishwa tena. Baada ya hapo havishikwi kwa mkono mtupu. Rangi inapulizwa kwa unene wa mikroni 25 hivi, na aina inayookwa hukaa oveni saa mbili kwenye nyuzi 121. Ipo pia aina inayokauka kwa hewa, hutumika kwenye sehemu zinazopata joto kali.

Ukizungumza na fundi, muulize kama anapiga mchanga au anapuliza juu ya rangi ya zamani. Anayesema haina haja ya mchanga, mshukuru uondoke. Muulize anaziba nini: ndani ya mtutu na chemba hamtakiwi rangi wala mchanga, na kifyatuo na springi zake vitolewe kabisa. Meno ya bolti yanayofunga chemba yasipakwe. Mikroni 25 ni kidogo, lakini kwenye sehemu zilizochongwa kukamatana kwa karibu inatosha kubadilisha jinsi bunduki inavyofunga. Mwombe akuonyeshe bunduki aliyoipaka miaka miwili au mitatu iliyopita na ambayo imetumika. Rangi ya jana ya kila mtu inang'aa.

Mimi mara ya kwanza nilipaka kabla ya kitako kufika. Kitako kilipokuja kilibana, chuma kikaingizwa na kutolewa mara nyingi wakati wa kulaza, skrubu za darubini nazo zikahitaji matundu mapya. Rangi ilikwaruzika pande zote mbili za mwili, na aliyeipaka akanitaka nilipe upya. Nililipa, dola mia tatu na ushee. Ukitaka kukata mtutu, kutoboa matundu au kubadilisha kifyatuo, yamalize yote kabla ya siku ya rangi.

Rangi nyingine zipo. DuraCoat hukauka bila oveni na watu hupaka nyumbani. Kwa sehemu zisizosuguliwa sana inafaa. Mpako wa fosfeti, ule wa kijivu wa bunduki za kijeshi za Vita vya Pili, ni imara lakini unahitaji oili daima.

Peleka kazi yako Januari au Februari. Ukipeleka Agosti utaungana na kila mwindaji aliyekumbuka bunduki yake dakika ya mwisho, na msimu utafunguliwa ikiwa bado inaning'inia kwenye waya wa fundi.

Hatua ya tano: kuirudisha kazini

Kila kitu kikirudi, darubini lazima ilengwe upya tangu mwanzo. Anza yadi 25 ili risasi ziipate karatasi ya shabaha, kisha yadi 100. Piga risasi tatu tatu na uache mtutu upoe katikati. Baada ya risasi 20 hivi kagua tena skrubu za kitako na za darubini, maana vitu vipya hujikalisha. Tunza kitako cha zamani. Ukiuza bunduki siku moja, mnunuzi atakiulizia.

Mpako haukuondolei kazi ya kusafisha. Ndani ya mtutu hamna rangi, kwa hiyo pitisha kitambaa chenye oili kidogo kila jioni ya mvua, na ukaushe kabla ya kupiga asubuhi. Mdomo wa mtutu uzibe kwa kipande kimoja cha utepe wa umeme ili theluji isiingie. Risasi haitahama kwa sababu yake.

Na ukiwa kambini kwenye baridi, bunduki iliyoshinda nje usiiingize kwenye hema lenye jiko. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto hutoa jasho, nje na ndani, hadi kwenye bolti, na ukiitoa alfajiri jasho hilo linaganda. Iache nje chini ya turubai, mahali unapoiona, bila risasi, mdomo ukitazama chini.